Siku Niliyoombewa Dua Kwenye Duka la Mashuka

Hayo mnayonichekea hapa kwetu Wawi nzima ni ya kweli, wallahi sikatai: nimewahi kuombewa dua ya maiti nikiwa hai, tena dukani.

Umri wa kukoma hedhi ulinipokea kwa joto, nikawa kila nikilala naamka nimelowa chapachapa, na mashuka yangu ya kung'aa (poliesta tupu, lakini mazuri kuyatazama) yananiganda mgongoni, hata mume wangu, Bwana Khamis, akachoka na kugaragara kwangu akahamia ukumbini. Hilo liliniuma kuliko joto lenyewe.

Basi nikaenda Chake Chake kwa Bi Zuwena, muuza mashuka, nikamweleza kwa kunong'ona. Akanipa shuka jeupe la pamba, jepesi, akaniambia niliweke mdomoni nipulize. Pumzi ikipita, na joto la mwili litapita. Ikapita. Ningelipa nikaondoka salama, lakini mie mtu wa kuhakikisha, kwa hiyo Bi Zuwena alipoingia ndani kusali adhuhuri nikavua viatu, nikajinyoosha kwenye godoro la kuonyeshea wateja, nikajifunika gubigubi mpaka uso, nione kama nitatoka jasho.

Sikutoka jasho. Nikalala (mtu hajapata usingizi wa maana miezi chungu nzima, mlitaka nifanyeje?).

Kumbe jirani yetu Mzee Hamadi kaja kutafuta chandarua, akaona mtu kafunikwa shuka jeupe, kimya, na mkoba wangu anaoujua uko pembeni. Hakuuliza wala hakugusa. Alimpigia simu mume wangu, aliyekuwa sokoni hapo karibu, na waliokuwa wakitoka msikitini wakamfuata ndani.

Mie nilizinduliwa na dua. Nikajifunua, nikakaa kitako. Watu walikimbilia mlangoni wakikanyagana, akabaki Bwana Khamis peke yake, machozi yanamtiririka, kanishika mkono.

"Mke wangu, umepatwa na nini?"

Ningeweza kudanganya, lakini wale waliokimbia walishaanza kurudi kuchungulia, nikaona liwalo na liwe, nikapaza sauti.

"Nimekoma hedhi, nasikia joto, nilikuwa najaribu shuka. Na hili halina joto hata kidogo."

Kisha mama mmoja pale mlangoni akamuuliza Bi Zuwena, aliyekuwa katoka ndani kwa zile kelele, kama yamebaki mengine, mwenzake akasema na yeye anataka, na kabla ya alasiri meza ilikuwa nyeupe, halikubaki hata shuka moja. Letu alilibeba Bwana Khamis mwenyewe, na usiku ule alirudi chumbani.

Siku hizi wanawake hunisimamisha njiani kuniuliza habari za vitambaa, nami huwajibu kifua mbele. Ila uso wangu sijifuniki tena kwa shuka; kazi hiyo nimewaachia watakaonizika.