Mume kwenye usukani, mke nyuma ya tairi: wapandishaji malori wa Makere

Saa mbili asubuhi, mvua ndiyo kwanza imekatika, na Generosa anavua viatu. Anaviweka kando, ananyanyua gogo la mninga kwa mikono miwili, kisha anakwenda kusimama mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hasimami: nyuma ya lori lenye tani kumi za maharage, chini ya mlima wa udongo mwekundu unaoteleza kama mlenda.

Kwenye usukani yupo mume wake, Longinus.

Dereva mwenyewe wa lori, Ridhiwani kutoka Tanga, amesimama nami kando ya barabara. Ndiyo desturi ya mlima huu ulio nje kidogo ya Makere, wilayani Kasulu. Masika yakianza, madereva wageni huteremka hapa chini, humkabidhi Longinus lori, nao hupanda kwa miguu. Wameupa mlima jina: Sema Kweli.

"Udereva nina miaka kumi na moja," Ridhiwani ananiambia. "Lakini hapa, kaka, ujuaji wote niliuacha jana."

Jana alijaribu mwenyewe. Alama za matairi yake bado zipo mtaroni.

Longinus, mwenye miaka 54, hana haraka. Difu ya lori hili, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha matairi, ina mwendo wa aina mbili: mwepesi wa barabara nzuri, na mzito wa mlimani, ambao ni wa polepole lakini una nguvu. Kubadilisha ni kubonyeza kitufe tu kwenye mpini wa gia. Kazi ni kujua wakati. Longinus anauweka mwendo mzito hapa hapa chini, anasogea kidogo, anahakikisha umeshika.

"Wengi wanangoja mlima uwakamate ndipo wabonyeze," anasema dirishani. "Mzigo ukishakulalia, difu inaweza kuachia mwepesi na isiushike mzito. Inabaki hewani. Hapo lori linarudi nyuma, na kwenye utelezi huu breki hazikusaidii."

Na huko nyuma yupo Generosa. Nauliza swali ambalo bila shaka kila mgeni huliuliza: kwa nini mkewe?

Zamani gogo alilishika jirani yao, Havyarimana. Siku moja dereva mgeni alikataa kuteremka, akabadilisha mwendo katikati ya mlima, lori likarudi na kumsaga mguu. Havyarimana alipona, siku hizi anafuga nyuki, anachechemea. Lakini baada ya hapo hakupatikana mwanamume wa kushika gogo, na Longinus akaamua kuacha kazi. Walikuwa na watoto wanne, wawili sekondari.

"Nikalichukua mimi," anasema Generosa. "Nikamwambia, Baba Obedi, wewe panda. Mimi huwezi kunirudia."

"Nilimkatalia wiki nzima," Longinus anadakia. "Lakini huyu akishasema, amesema."

Lori linaanza kutambaa. Generosa anafuata, macho kwenye matairi, kwa sababu mumewe ndani haoni lipi limeanza kuzunguka bure. Katikati ya mlima tairi la kushoto linazunguka na kumrushia tope hadi kifuani.

"Simama!"

Lori linasimama. Gogo limeshaingia chini ya tairi.

"Funga!"

Longinus anafunga difu, ili tairi la kushoto na la kulia yalazimike kuzunguka pamoja. Lazima lori liwe limetulia. Ukiifunga wakati tairi linazunguka kwa kasi, unavunja shafti. Injini inaguna. Lori linatetemeka, linarudi nyuma upana wa kiganja, linalala juu ya gogo. Mimi nimeshika kichwa. Generosa hajasogea.

Kisha matairi yanauma udongo, na lori linapanda. Yeye anabeba gogo lake na kufuata.

Juu, kwenye changarawe, anapiga bodi kwa kiganja. "Fungua!" Difu ikibaki imefungwa kwenye ardhi ngumu, lori hukataa kona.

Nimeandika habari za watu miaka mingi. Sijawahi kuona watu wawili wakiaminiana namna hii, na sioni aibu kusema kwamba machozi yalinilenga.

Kwa lori moja wanalipwa shilingi elfu arobaini. Kiangazi hakuna wa kuwahitaji, wanalima mihogo. Sasa wapimaji wa barabara wamepita, na kuna tetesi za lami. Nawauliza kama hawaogopi kukosa riziki.

"Jembe lipo," anasema Longinus.

Generosa anakamua tope kwenye kanga. "Ego," anasema, yaani ndiyo kwa Kiha, "ije tu. Mimi sijawahi kukaa mle ndani akiwa anapanda. Miaka yote hii namfuata kwa nyuma. Nataka siku moja nikae mbele, nimtazame uso."

"Si hata leo, mama?" Ridhiwani anamwambia. "Lori likija lingine, panda."

Generosa anamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo la kitoto.

"Na gogo ashike nani, mwanangu? Acha tuisubiri lami."