Unga Ulioanguka Mara Mbili

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mkunya hakuna mtu aliyefunga safari ya maana bila kuuliza unga kwanza. Jua likikaribia kuzama, Bibi alichukua unga wa mtama kwenye kisahani, akaenda nyuma ya nyumba penye mti wa mtambiko, akachuchumaa. Alifagia shinani kwa kiganja, kisha akaanza kuudondosha unga kwa ncha za vidole, taratibu, huku akiwataja wazee waliotangulia na kuwaeleza nani anakwenda wapi na kwa sababu gani. Unga ulipanda ukawa kichuguu chembamba chenye ncha. Akaufunika kwa chungu, akaondoka bila kugeuka nyuma. Asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, alikwenda kuufunua. Ukikutwa umesimama, safari ni njema. Ukikutwa umeanguka, hakuna kwenda.

Na usidhani Bibi alikuwa mtu wa mizimu tu. Aliswali swala tano, alifunga Ramadhani yote, na mkeka wake wa kuswalia hakuna mtoto aliyethubutu kuukanyaga. Akiulizwa inakuwaje, alisema Mungu ni wake na wazee ni wake, na hajawahi kuwasikia wakigombana.

Ushahidi wa unga tulikuwa nao nyumbani. Mjomba Hamisi, mtoto mkubwa wa Bibi, ujanani mwake aliangukiwa na unga, akacheka, akapanda baiskeli kwenda Masasi. Alirudishwa kwa machela, na mguu wake wa kushoto haukunyooka tena. Tulipombishia Bibi jambo hilo, alinyoosha kidole tu kuelekea mguu wa Mjomba, na Mjomba mwenyewe akatikisa kichwa kukubali. Mimi ni mbishi tangu nizaliwe, lakini mguu ule ulinifunga mdomo.

Bibi alikuwa na rafiki huko Chiwata, jina lake Bibi Agnesi. Walitoka unyago siku moja, wamepakwa mafuta na kuvalishwa shanga, zamani sana hata wao wenyewe walibishana ilikuwa lini. Kisha Bibi Agnesi akaolewa na mtu wa kanisa, akabatizwa, akawa mtu wa kengele na nyimbo. Bibi akabaki Mkunya na mkeka wake. Watu walitazamia urafiki ungepoa wenyewe, kwa umbali na kwa dini. Wakangoja mpaka wakachoka.

Katika ile miaka ya shida, mche wa sabuni ulikuwa kitu cha kufungiwa sandukuni. Bibi akiupata, aliukata katikati kwa uzi, nusu ikaenda Chiwata na mtu yeyote aliyekuwa anakwenda huko. Bibi Agnesi naye akipata, alifanya vivyo hivyo. Halafu ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Newala yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota, wanunuzi wa korosho wakaja na malori yao, na sabuni ikawa si kitu cha kuringia tena. Bibi aliendelea kukata mche na kupeleka nusu. Siku moja nikamwambia, "Bibi, mbona Chiwata nako kuna maduka?"

Alinitazama kama anatazama mbuzi aliyeingia ndani ya nyumba.

"Kwani mimi napeleka sabuni?" akasema.

Habari ilikuja msimu wa korosho. Mwanamke mmoja wa Chiwata alipanda kuja kumwona bintiye aliyeolewa kwetu, akapitia kwa Bibi. Alipiga magoti, akasema, "Shikamoo, Bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba," na kabla hajamaliza kuitikia alishajua kuna jambo. Bibi Agnesi alikuwa hali, halali, tumbo limevimba, na kila akizinduka alimtaja Bibi.

Jioni hiyo Bibi aliuliza unga. Asubuhi nilimfuata kwa nyuma nikinyata, maana siku zote nilipenda kuona ile ncha imesimama. Alipoinua chungu, unga ulikuwa umelala ubavu mmoja, umemwagika mpaka kwenye mzizi. Bibi akauangalia, akarudisha chungu pale pale, akaingia ndani kuwasha moto.

Kuuliza mara ya pili kunaruhusiwa, kwa kuwa huenda wazee hawakusikia vizuri. Mara ya tatu ni utovu wa adabu. Basi jioni iliyofuata aliuliza tena, na safari hii alisema nao kwa kirefu, kwa Chimakonde, sauti ya chini ya mtu anayebembeleza. Asubuhi unga ulikuwa umeanguka tena, na safari hii haukubaki hata umbo.

Leo ninaweza kusema mengi. Malori ya korosho yalikuwa yakipita barabarani kwetu usiku na mchana, yamejaa magunia, mpaka vikombe vilikuwa vinagongana kabatini. Kama vikombe vilitikisika, unga ungesimamaje? Lakini wakati ule sikuwaza malori. Niliwaza mguu wa Mjomba, halafu nikawaza kwamba Bibi si kijana, na kwamba kilichomvunja Mjomba mguu kitamuua Bibi. Mama yangu alikuwa ameolewa mbali, Lindi. Nilikuwa sina mtu mwingine.

Mjomba alikuja na fimbo yake, akaangalia nyuma ya nyumba, akarudi.

"Basi, Mama," akasema. "Tutatuma mtu na salamu. Bibi Agnesi ataelewa. Naye ni mtu wa huku."

Bibi alikuwa anakunja kanga zake na kuzifunga kwenye furushi.

"Nimeuliza, nimejibiwa," akasema. "Sasa nakwenda."

"Umejibiwa usiende."

"Nimesikia, Baba Rashidi. Mimi si kiziwi."

Alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama alivyofanya kila alipotaka kumpa heshima yake yote kabla ya kumkatalia. Kisha akamwonyesha mbegu za mtama zilipo darini. Akamwambia kuku yupi ni wa jirani. Akapita nyumba hadi nyumba kuomba radhi kwa lolote alilowakosea watu, kama wafanyavyo wanaokwenda Makka. Hapo ndipo nilipoelewa, na moyo ukanipasuka. Nilikuwa nimedhani ameacha kuuamini unga. Kumbe aliuamini vilevile kama jana, na alikuwa anakwenda hivyo hivyo.

Nililia mpaka nikatapika. Nikamwambia asiponichukua nitakimbia nyuma ya gari mpaka Masasi. Nilikuwa na hesabu yangu ya kitoto: wazee walimkataza yeye, juu yangu mimi hakuna aliyewauliza kitu, basi nikimng'ang'ania huenda wakashindwa kumpiga yeye bila kunipiga mimi. Mjomba alisema hapana. Bibi akanitazama, akanifuta pua kwa pembe ya kanga, akasema, "Vaa viatu."

Tulipanda lori la mnunuzi wa korosho, juu kabisa, juu ya magunia. Nilimkumbatia Bibi kiunoni tangu Mkunya. Lori lilipoanza kuteremka mlima nilifumba macho, na kila kona nilijiambia ni hii. Bibi alikuwa anasoma dua midomo ikicheza. Utingo, kijana mwenye shati la mtumba lenye maua makubwa, akatucheka.

"Wewe mtoto, shika kamba! Bibi yako hana breki!"

Bibi akacheka pia. Mimi sikucheka. Lori lilipata pancha moja, tukashuka, tukakaa kivulini, tukapanda tena. Hakuna kingine. Tulishushwa penye njia ya kwenda Chiwata tukiwa wekundu kwa vumbi, wazima wa afya, na mimi bado nimemshika.

Bibi Agnesi alilazwa barazani, kwenye kitanda cha kamba, ili apate upepo. Nilikuwa namjua mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Huyu alikuwa na uso mdogo na miguu iliyojaa maji. Binti yake, Mama Yustino, alimwamkia Bibi na kuanza kulia hapohapo. Bibi akampita, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Yule mgonjwa akafumbua macho, akamwita kwa jina.

Sitaliandika jina lile. Kwetu, mtu akishatoka unyago, jina lake la utoto huzikwa, na kumwita kwalo ni tusi la kupigiana. Mama Yustino akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nilingoja Bibi akasirike. Bibi akainama akacheka mpaka machozi, naye akamjibu kwa jina lake la utoto, na wale vikongwe wawili wakashikana mikono wakitukanana kwa furaha mbele yetu.

"Unga ulianguka," Bibi akamwambia baadaye, alipokuwa anampa uji kwa kijiko.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Bibi Agnesi akasukuma kijiko. "Na ukaja?"

"Si unaniona?"

"Mjinga wewe. Tangu unyago ulikuwa mjinga." Akavuta pumzi kwa shida. "Mimi nilimtuma huyu mwanangu aniulizie unga kama utakuja. Akaona aibu, anaogopa kanisani watamsema. Akafanya jioni akijificha. Wangu ulisimama."

Wakatazamana.

"Basi wazee wa kwenu na wa kwetu hawakukaa kikao kimoja," Bibi akasema, na wakacheka tena, mmoja kwa sauti na mwingine kwa mabega tu.

Tulikaa pale mpaka korosho za chini ya miti zilipokwisha kuokotwa. Nilidhani mtu akienda kumuaga rafiki yake kuna maneno makubwa watakayoambiana. Niliyasubiri sana, maana nilikuwa mmbea. Sikuyasikia. Walizungumza habari za mbaazi, habari za waume zao waliokwisha kufa na vituko vyao, habari za mwanamke mmoja mchoyo ambaye naye alikwisha kufa. Bibi alimgeuza ubavu, akampaka mafuta miguuni, akamsuka nywele zilizobaki. Alipoingia kuswali ndani, Bibi Agnesi aliniambia kwa kunong'ona nimfukuze kuku, asimsumbue mwenzake. Kengele ya kanisa ilipolia, Bibi ndiye aliyemwinua akae kitako ili asali.

Alikufa mchana, Bibi akiwa amemshikia kikombe cha maji. Hakukuwa na kishindo. Bibi alikiweka kikombe chini, akamfumba macho, na hakupiga yowe. Aliyepiga ni Mama Yustino. Wanawake wa kanisa walipokuja kumwosha, Mama Yustino akawaambia, "Mama mkubwa ndiye aanze." Bibi akafungua furushi lake, akatoa nusu mche wa sabuni. Kaburini wao waliimba, na Bibi alisimama katikati yao amefungua viganja vyake kwa dua, na hakuna aliyemsogeza.

Kurudi Mkunya nilikuwa mtu mwingine. Tulipofika kwenye mikorosho yetu na Bibi anatembea kwa miguu yake miwili, nilitaka kupiga vigelegele. Mjomba alitoka akatukagua kama anayekagua magunia, tundu liko wapi. Hakuona kitu. Akampokea Bibi furushi, akaenda akakaa peke yake, na nadhani siku hiyo alikuwa na hasira na ule mguu wake.

Mimi nilikuwa na ushindi mdomoni, sikuweza kuumeza. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, hajavua hata viatu.

"Bibi," nikasema, "unga ulidanganya."

Alinyoosha miguu yake mbele.

"Haukudanganya," akasema. "Uliniambia nikienda nitaumia. Nimeumia, Somoe. Hapa nilipo nimeumia kuliko siku niliyomzika babu yako. Ila sikuuliza ningebaki ningeumia vipi, na wao hawakunieleza. Hilo nilikuwa nalijua mwenyewe."

Kisha akalia. Alikuwa hajalia Chiwata hata mara moja. Alilia kizingitini mwake, kwa sauti, mtu mzima, miguu imenyooshwa, na watu waliokuwa wanapita na ndoo walisimama. Nikakaa kando yake. Aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo, akambeba mtoto wangu wa kwanza, na unga aliendelea kuuliza kwa safari za watu wengine. Za kwake hakuuliza tena. Nilipomuuliza kwa nini, alisema safari iliyobaki haihitaji ruhusa.

Sasa ninauza vitenge Masasi, na watu wakijua natoka Mkunya huniuliza kwa utani kama bado naamini mambo ya unga. Nawajibu naamini, nao hucheka. Sikuwahi kupata nafasi ya kuwaeleza nilichokiona. Wengi tunapenda kwa tahadhari, tunampenda mtu hadi pale anapoanza kutuumiza kwa ugonjwa wake au kufa kwake, ndipo tunatuma salamu na mtu. Bibi aliambiwa mapema, tena mara mbili, kwamba mapenzi yake yatamtoza. Hakubisha, wala hakujifanya shujaa. Aliogopa sana, nami niliyemkumbatia njia nzima nilisikia moyo wake ulivyokuwa unakwenda.

Mwaka jana rafiki yangu Tatu, tuliyeanza naye biashara tukiwa na meza moja ya kuazima, alirudishwa kwao Newala kutoka hospitali, na waliomleta walisema hakuna la kufanya tena. Wateja wa sikukuu walikuwa wamejaa. Dada mmoja wa meza ya jirani, mtu mwema, asiye na nia mbaya, aliniona nakunja vitenge asubuhi akanishika mkono.

"Usiende, Mama Salma," akasema. "Baki na picha yake akiwa mzima. Ukimwona vile utaumia bure."

"Najua," nikamwambia, nikafunga kibanda.