Habari ya Nyuki Niliyoisoma kwa Sauti

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi kusoma nilifundishwa na marehemu baba, katekista wa kanisa la kigango chetu kule Makere. Jioni mama akisonga ugali, baba ananisimamisha karibu na moto, nasoma somo la Jumapili kwa sauti mpaka jirani asikie. Hadi leo nikisoma kimya naona herufi tu, maana siipati.

Sasa nina miaka arobaini na mitatu, nasoma masomo ya jioni hapa Kasulu. Juzi tulikuwa na mtihani wa majaribio. Ukifeli, husajiliwi kwa mtihani wa taifa mwaka huu. Mwalimu Hamisi, mtu wa Tanga, akatukumbusha: "Kwenye ufahamu, anzeni na maswali, ndipo msome habari. Kwa macho! Nikisikia mdomo, nachukua karatasi."

Habari ilikuwa ya ufugaji wa nyuki. Nikaisoma kwa macho mara mbili, sikuambulia kitu. Mara ya tatu nikaanza kunong'ona, na baba akanijia: ule moshi, ule mkono wake begani. Maana ikaanza kuingia. Sikujua kama sauti imepanda, wala kama nimeshasimama. Nikafika mwisho: "Mfugaji avae kinga kabla ya kufungua mzinga." Nikainua uso, nikafunga kama tunavyofunga somo kanisani: "Neno la Bwana."

Nusu ya darasa ikaitikia, "Tumshukuru Mungu!"

Mwalimu akavua miwani. "Mama Neema, lete karatasi. Na wote mliomwitikia, leteni zenu."