Nilitoa sofa nje kwa kuogopa risasi, mtaa mzima Kijenge ukaja msibani

Wakuu, salaam kwenu.

Najua wapo watakaosema hii ni chai. Sawa. Chai ilikuwepo, ilipikwa sufuria tatu, na mimi mwenyewe niliinywa. Mengine yote nayaandika kama yalivyotokea.

Mimi ni Mkongo wa Bukavu. Huu ni mwaka wangu wa sita Arusha, natafsiri Kifaransa na Kiingereza kwenye ofisi moja ya kimataifa. Kwa hiyo kwenye makaratasi mimi ni expatriate.

Ofisini tuko wawili wenye permit ya aina moja, mimi na Mbelgiji mmoja. Yeye anaitwa expatriate. Mimi naitwa Mkongo. Sina kinyongo, hata fundi cherehani huwa anaandika hivyo hivyo kwenye suruali zangu ili zisipotee.

Nimepanga Kijenge, nyumba ya uani, kwa Mama Aika. Ni mama wa Kichaga kutoka Marangu, mjane, Mlutheri wa kwaya. Kiswahili mnachokisoma hapa amekinyoosha yeye. Nilipofika nilikuwa naongea cha kwetu, akawa ananikatiza katikati ya sentensi na kunirudisha mwanzo.

Ukuta wa pili yupo Babu Ramadhani, mzee wa Kirangi kutoka Kondoa. Ameuza vitambaa sokoni miaka mingi. Siku hizi kastaafu, ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, na kazi yake kubwa ni kujua nani kaingia mtaani na nani katoka.

Watu wa kukumbuka ni hao tu. Na mama yangu.

Mama yangu mzazi yupo Bukavu na amekataa kuhama. Ukiuliza mji ule kwa sasa uko chini ya nani, jibu linategemea umemuuliza nani na nani kasimama karibu. Laini yake ya simu ilikufa zamani, anatumia WhatsApp kwa wifi ya parokia iliyo jirani yake. Kila asubuhi ananitumia voice note. Anasema amelalaje, amekula nini, halafu anauliza nitaoa lini. Vita imebadilisha majibu ya mambo mawili ya kwanza. Hilo la tatu halijawahi kuguswa.

Sasa twende kwenye tukio.

Ilikuwa ile wiki ya uchaguzi wetu hapa. (Nasema "wetu", mnisamehe, ni mazoea.) Asubuhi ikaingia voice note ya sekunde kumi na moja.

"Mwanangu, kumeanza tena. Nitakupigia."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na milio. Milio ile naifahamu, sihitaji mkalimani.

Nikaanza kumwandikia. Sijamaliza, internet ya huku ikakata. Nikadhani bando limeisha. Halikuwa bando, ilikuwa nchi nzima.

Saa chache baadaye maduka yakafungwa, moshi ukaonekana upande wa mjini, tukaambiwa kila mtu abaki kwake. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni, hauna hata wingu, kana kwamba wenyewe haujaambiwa kitu.

Wakuu, niwe mkweli. Niliogopa sana, lakini sikuogopa ya Arusha. Niliogopa kwamba mama amekufa na mimi niko Kijenge natafuta network.

Mtu wa kwetu akiogopa hakai. Mikono inafanya yenyewe. Chumba changu cha kulala kina dirisha la barabarani, kwa hiyo hakifai. Sebule iko katikati, ukuta mnene. Nikatoa sofa zote mbili nikaziweka barazani, nikatoa meza, nikatoa na TV. Nikatandika magodoro chini sebuleni. Nikajaza maji kila chombo. Vyombo vikaisha, nikaenda kwa Mama Aika kuazima zile sufuria zake kubwa za shughuli.

Alinitazama usoni. Macho yalikuwa mekundu, nilikuwa nimelia kidogo bafuni. Akachungulia barazani kwangu akaona sofa. Akachungulia ndani akaona magodoro chini.

"Jamani. Pole sana, mwanangu."

"Asante, mama."

Miaka sita nimekaa nchi hii. Hapa mtu anapewa pole hata akibeba ndoo. Sikuwaza chochote, nikachukua sufuria nikaondoka.

Wenyeji wa Tanzania humu ndani nadhani mmeshaelewa. Mimi nilikuwa bado.

Kesho yake asubuhi nikasikia kugongwa mlango. Nafungua, naona wanawake saba wa mtaani, khanga mabegani, wameshika chupa za chai. Wakaingia bila kuuliza, wakavua viatu, wakakaa kwenye magodoro yangu na kuegemea ukuta. Nyuma yao wanaume wanapanga viti uani. Walipita kwa milango ya nyuma, nyumba kwa nyumba, ili wasionekane barabarani. Mmoja aliomba radhi kwamba maziwa hayapo, yule anayeyaleta kutoka Oldonyo Sambu amekwama.

Mama Aika alishawasha moto. Yale maji yangu ya akiba ya vita, yote, yalikuwa yanachemka.

Babu Ramadhani akaja na jamvi kwapani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akanishika mkono hakuuachia.

"Sasa mwanangu, marehemu ni nani yako?"

"Marehemu gani, babu?"

"Huyu tuliyemjia."

"Hakuna aliyekufa."

Mtu mmoja aliyekuwa anatafuna andazi akaacha.

Babu akatazama sofa. Akanitazama mimi. "Sofa zinafanya nini nje?"

Ikabidi niseme. Sikujua niseme vipi, nikatoa simu nikawachezea ile voice note. Sekunde kumi na moja. Mama Aika akasema rudia. Nikarudia. Mara ya tatu nikakaa chini pale pale mlangoni.

"Kwa hiyo hujui kama yupo," Babu akasema.

"Sijui."

Halafu akatandika jamvi lake, akakaa, akavua kofia akaivaa tena.

"Basi kutojua nako ni shughuli. Mama Aika, ongeza maji kwenye chai."

Hakuna aliyeondoka, wakuu. Walikaa siku ile, na iliyofuata, na iliyofuata. Jioni kila mtu anarudi kwake kabla ya muda wa kutotoka nje, asubuhi wanarudi. Yule Mbelgiji, nilikuja kujua baadaye, ofisi ilimpigia simu ya kawaida kila siku kuuliza hali yake. Mimi nadhani walijua nina wenyeji.

Kulikuwa na matatizo ya utaratibu. Kwaya ya Mama Aika haikujua iimbe nini, maana nyimbo walizozizoea zote zinamsindikiza mtu kwa Mungu. Babu akaamua isomwe dua ya msafiri, Mama Aika akaamua ziimbwe za Krismasi. Vyote vikafanyika.

Siku ya pili nilitaka kurudisha sofa ndani, mvua ilikuwa inanyesha. Mama Aika akanizuia.

"Ukizirudisha umesema mzima. Ukiziacha umesema kafa. Ziache hapo hapo barazani, zivute nusu chini ya paa."

Tukazivuta nusu. Zikalowa nusu.

Siku ya tano mchana internet ikarudi, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ikatetemeka haikomi. Sikufungua meseji hata moja, nikapiga moja kwa moja. Uani wote wamesimama.

Ikapokelewa. Nyuma nasikia wanawake wengi wanaimba, taratibu, zile za kanisani. Nikajua basi. Nimepiga simu kwenye msiba wa mama.

"Hallo?" Ni yeye. Sauti imekauka.

"Mama! Uko mzima? Hapo kuna kilio cha nani?"

Wimbo ukakatika.

"Cha kwako," mama akasema.

Wakuu, kule milio iliisha saa sita mchana siku ile ile. Alirudi kwenye simu kuniandikia kwamba yu mzima, ikabaki tiki moja, haijanifikia. Kesho tiki moja. Keshokutwa tiki moja. Redio inasema Tanzania kumechafuka. Wamama wa parokia wakaja, wakatoa viti nje, wakakaa naye.

"Batu banasema huko hakuna kutoka muzima," akaniambia, akaanza kulia. Nikalia na mimi, mbele ya mtaa, bila aibu yoyote.

Mama Aika akaninyang'anya simu akaiweka loudspeaker. Nilidhani ataongea mambo ya Mungu.

"Mama mwenzangu, pole na msiba. Huku tumekula vizuri, hapo mmekula?"

"Tumekula, mama. Maharage."

"Haya. Sisi tunarudisha sofa."

Uani wakapiga vigelegele. Upande wa pili nao wakapiga. Babu Ramadhani alifuta macho, akasema ni moshi, na moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Nilichojifunza: ukiishi ugenini soma permit, soma sheria, lakini uliza pia samani zinasema nini. Na nilikuwa najiona mgeni mtaani miaka sita, kumbe nilikuwa nimejitenga tu. Hawa watu walijihatarisha kutoka ndani wiki ile kuja kumzika mtu wasiyemjua, na walipokosa maiti wakabaki.

Sofa moja bado inanuka unyevu. Siiuzi.

Nyie mlio mbali na kwenu, kukichafuka pande zote mbili kwa pamoja mnakaaje? Na kuna aliyewahi kuliliwa akiwa hai? Semeni, nasoma zote.

Naishia hapa, voice note ya asubuhi imeingia. Siku hizi haanzi na alivyolala. Anaanza na "Sofa ziko ndani?"

Ziko ndani, mama.