Nilimfundisha Mwanangu Kunyamaza

Kosa ni langu, ndugu zangu, simtupii mwingine. Nilimficha mwanangu. Nilimficha kama kitu cha wizi!

Tuko hapa Bunia, mtaa wetu ni kartie Lumumba. Tulikimbia vita kule Djugu. Binti yangu ana miaka sita. Mwaka jana alishikwa na homa kali, ugonjwa ukaingia kwenye damu, miguu ikaanza kuwa myeusi. Dokta akaniambia, "Mama, tukikawia, tutamupoteza." Wakamkata miguu yote miwili chini ya magoti, na vidole vya mkono wa kushoto.

Baba yake alikuja kutoka Bambu, kwenye machimbo ya zahabu. Alimtazama, akatoka nje kupunga hewa. Hadi leo hajarudi.

Halafu maneno yakaanza. Eti tulimtoa mtoto kafara ili baba yake apate zahabu! Uwii! Nikahamia lupango lingine, ua wa wapangaji ambako hatujulikani.

Jirani mpya, mama mmoja wa Butembo anayeuza maharage, akaniuliza: "Weye, uko na batoto?"

"Moja tu. Iko kwa koko, bibi yake, kule Kilo."

Mtoto alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia yote!

Tangu hapo, nikienda sokoni kuuza sombe, majani ya muhogo, nilimfungia ndani. "Mutu akigonga, usiseme kitu." Aliitikia kwa kichwa. Kanisani nilikwenda peke yangu. Jioni, watoto wa lupango wakicheza nje, alitega sikio kwenye ukuta wa mbao na kucheka nao, mkono umeziba mdomo. Nilimwona. Nikaendelea kukatakata majani yangu.

Asubuhi moja niliacha makala, makaa ya moto, kwenye jiko ndani, sikuyazima vizuri. Cheche ikaruka kwenye mkeka. Jirani aliona moshi, akapiga mlango: "Kuna mutu?"

Kimya.

Kwa kuwa alijua hakuna mtu, hakuharakisha. Alikwenda kwanza kuita wanaume waje kuokoa vyombo vyangu. Vyombo! Walipovunja mlango wakamkuta mwanangu kwenye kona, paja limeungua, ameuma kitambaa cha kikwembe ili asilie.

Nilipofika, jirani alikuwa amembeba. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Huyu ni nani?"

"Ni wangu," nikasema.

Mtoto akaninong'oneza: "Mama, miye sikusema kitu."

Alidhani nitamsifu! Mungu wangu, alingoja nimsifu!

Kidonda kimepona. Sasa mlango uko wazi, jirani anamchukua mgongoni mpaka sokoni, watoto wanamletea wanasesere wa matope. Lakini yeye haiti mtu. Juzi alianguka nyuma ya nyumba, akalala kwenye matope mpaka nilipomkuta mwenyewe. "Kwa nini hukuniita?" Akaanza kujifuta matope. Tuko wawili ndani ya nyumba, lakini naishi kama mtu aliye peke yake. Na yeye vilevile, nadhani.

Wewe mwenye mtoto kama wangu, nakusihi, mtoe nje leo. Watu wamwone, wajue jina lake. Watasema, ndiyo. Watasema wachoke. Maneno ya watu yanapita. Ila kimya hiki nilichomfundisha kwa mdomo wangu mwenyewe, sijui nitakitoa vipi.