Oili Iliyopotelea Uwanjani kwa Aminieli

Mwalimu Eliufoo alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Alistaafu mwaka 1994, akachukua kiinua mgongo chake akanunua gari dogo la mtumba, wakati ule magari ya Japani yalipoanza kumiminika Moshi kama viatu vya mnadani. Alidhani amenunua raha ya uzeeni. Miaka miwili baadaye hakuwa na raha wala ndugu.

Shida ilikuwa oili. Gari halikuweza kufika kwake Masama, maana njia ya kwenda kwake ilikuwa ya miguu, katikati ya migomba. Kwa hiyo alililaza uwanjani kwa mdogo wake, Aminieli, kandokando ya barabara, pua ikielekea mlimani. Siku aliyolinunua mjini, muuzaji alichomoa kijiti cha kupimia wakaona wote wawili kwamba oili imefika alama ya juu. Kesho yake asubuhi Eliufoo akapima mwenyewe pale uwanjani: oili iko chini ya alama ya chini. Akaongeza. Wiki mbili hazikupita, akaongeza tena.

Mafundi wa mjini walilala chini ya gari wasione hata tone. Mmoja alinawa mikono akasema, "Mwalimu, oili haina miguu. Kama haivuji, kuna mtu anaichota."

Sasa Aminieli alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na mashine hunywa oili. Eliufoo, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, akaamua kufanya jaribio. Jumamosi mbili alipima Kwa Sadala, sokoni, palipo tambarare: oili ipo. Akarudi akalilaza gari kwa mdogo wake, asubuhi akapima: haipo. Alitaka ushahidi gani tena?

"Ungeniomba tu, Aminieli," alimwambia mbele ya mama yao.

"Kaka, sijagusa gari lako."

"Basi oili inakwenda wapi?"

Mama yao, Aikaeli, aliyekuwa mtu mzima sana, akagoma kula. Walimletea mtori, ukapoa. Walileta maziwa, yakaganda. Siku tatu alikaa ameuelekea ukuta akirudia neno moja tu, kwamba amezaa mwizi.

Siku ya nne Aminieli alikata jani la sale, mmea wa mpakani mwa shamba, akaenda nalo kwa kaka yake amelishika kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, anayekuletea jani hilo amekiri kosa na anaomba radhi, nawe humrudishi mtu na sale lake. Eliufoo akalipokea. Tuseme ukweli, alijiona mtu mwema sana siku hiyo, hata akamwombea mdogo wake kwa sauti. Mama akala. Miezi miwili baadaye akafariki, wakamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, na oili ikaendelea kupungua.

Mtu aliyekwisha kuomba radhi akarudia yaleyale, utamfanya nini? Akawa ananunua kopo, anamimina, anapita mbele ya mashine bila salamu.

Mwishowe gari likaanza kutoa moshi wa bluu na kukohoa kila linapopanda. Akamwita fundi Shedrack kutoka Rau aje alione lilipo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu ona mwenyewe." Akachomoa kijiti, akakifuta, akakitumbukiza, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imegusa ncha tu.

Shedrack hakukitazama kijiti. Aliutazama uwanja. "Huwa unapimia hapahapa?"

"Nipimie wapi? Ndipo linapolala."

"Mwalimu, gari limepanda mlima hili! Oili yote imekimbilia nyuma, na kijiti kiko mbele. Tulipeleke kwenye usawa."

Wakalipeleka mbele ya godauni la kahawa, wakasubiri. Safari hii kijiti kilitoka kimelowa kupita alama ya juu.

"Umeijaza mno," Shedrack alisema. "Injini inaitapika na kuiunguza, ikipungua unaijaza tena. Hakuna aliyekuibia, Mwalimu."

Alisema kwa kumliwaza, maskini, hakujua anamchoma. Huko mlimani uwanja ulio sawa ni wa kutafuta. Hata mezani kwa Eliufoo mchuzi ulijaa upande mmoja wa sahani tangu alipooa, na siku zote alikula bila kuliona hilo. Aibu ilimshika.

Akaenda mpakani, akakata jani la sale. Aminieli, mweupe kwa unga, alipomwona nalo akazima mashine. Akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimelipokea, kaka."

"Lakini kwa nini ulikiri jambo ambalo hukulifanya?"

"Mama alikuwa hali chakula."

Kisha Aminieli akalilaza jani juu ya gunia na kuishika tena mashine yake.

"Mimi yamekwisha," alisema. "Kata jingine umpelekee yeye."

Eliufoo akarudi mpakani, akakata jani la pili. Akaenda hadi kaburini kwa mama, katikati ya migomba, akalinyoosha kwa mikono miwili, akasimama hivyo akingoja wa kulipokea.