Sanduku la Mama Kasoki Lililokataa Kulala

Saa tano asubuhi, siku ya soko, pikipiki na ng'ombe wanagombania barabara ya Kitshanga, mashariki mwa Kongo. Ndani ya kibanda cha mbao, Mama Kasoki ameinama juu ya sanduku dogo jeusi, sikio limeligusa kabisa. Wateja waliojipanga mlangoni wanamngoja.

"Imelala," anatangaza, uso umechanua. "Haya, leteni simu zenu."

Usimcheke. Usingizi wa sanduku hilo umemtoa jasho mama huyu wa Butembo kuliko usingizi wa watoto wake walipokuwa wachanga.

Kasoki huchaji simu kwa umeme wa jua, faranga mia tano kila simu, na kuuza nyimbo na filamu. Nyimbo hizo hukaa katika sanduku hilo lenye diski mbili ndani, alilouziwa na shirika moja lililofunga ofisi. Simu hulifikia kwa mtandao wa hapo kibandani, bila intaneti. Vita vilipowashusha watu kutoka milimani, sanduku likapata kazi nyingine: waliokimbia humpa picha zao awatunzie, maana kambini simu huibwa, hulowa, au huuzwa ili watu wale. Kwa kazi hiyo hatozi kitu.

Mama Dancille, mkulima wa Masisi aliyechomewa nyumba, amebaki na picha moja tu ya marehemu mumewe, Kanyamibwa, akicheka na jembe begani.

"Picha iko kwa Kasoki," anasema. "Kila siku ya soko ninapita kusalimia muzee yangu, kisha ninaenda kununua chumvi."

Basi, mwaka jana sanduku likageuka korofi. Kwa kawaida, lisipoguswa kwa muda, diski huacha kuzunguka na batri hupumzika. Sasa likawa linanguruma mchana kutwa, usiku kucha, linainyonya batri mpaka inakauka, kisha linazimika ghafla. Lilipozimika hivyo mara ya pili, taa ya diski moja ikawaka nyekundu, na picha zikakawia kufunguka. Dancille alikuwapo.

"Niliogopa sana," Kasoki anasema. "Nyimbo zinapatikana. Lakini bwana ya Mama Dancille, nitamupata wapi tena?"

Akampigia Guylain, binamu yake anayetengeneza kompyuta Goma. "Sanduku haiamuke bure," Guylain akamwambia. "Kuko kitu inaiita. Ondoa kimoja-kimoja mupaka inyamaze."

Akazima kompyuta yake ya kibandani: ngurumo ileile. Akazima hata redio, maskini, isiyohusika kabisa. Akachomoa waya wa mtandao, akasubiri, kimya. Kumbe mwito ulipitia mtandaoni! Akawashuku majirani kwamba wanajichotea nyimbo bure, akabadilisha neno la siri. Majirani wakanuna, wateja wake akawapa neno jipya, na sanduku likaendelea kunguruma.

Jumapili moja alifunga kibanda akaenda misa. Aliporudi, hakusikia kitu. "Nilisema: imekufa! Nilianza kulia na nguo yangu ya misa," anakumbuka. Akawasha kompyuta, akafungua picha ya Kanyamibwa. Diski zikaanza kuzunguka, na mzee huyo hapo, na jembe lake. Sanduku lilikuwa limelala tu, tena usingizi mnono. Kasoki akalia upya, safari hii kwa furaha.

Nini kilikosekana Jumapili? Simu za wateja, ambazo wenyewe walikuwa wamezichukua zote jana yake. Kikulacho ki nguoni mwako! Kasoki mwenyewe alikuwa ameweka katika simu zao programu ya kucheza nyimbo moja kwa moja kutoka sandukuni. Zikiwa rafuni zinachajiwa, nyingine zikilala hapo usiku, zilikuwa zinabisha hodi kwa zamu, hii ikimaliza ile inaanza, kuuliza kama kuna wimbo mpya.

Kwingine jibu lingekuwa rahisi: zima simu. Kitshanga haiwezekani.

"Muntu anakuachia simu, anasema: Mama, usiizime, mutoto wangu iko Omate anachimba zahabu, akipiga umuambie tuko wazima," Kasoki anaeleza. "Nikizima, yule mutoto atafikiri tumekufa. Vita iko hivyo."

Kwa hiyo sasa, kila akipokea simu, anaikatia mtandao wa kibanda na kuacha laini ya kupigiwa wazi. Mwenyewe akirudi kuichukua, anamrudishia mtandao huo. Basi, hakuna kingine.

"Njo hivyo tu, Papa," anamwambia mwandishi wa habari hii, akicheka mpaka anafuta machozi. "Miezi yote ile ya kuteseka, kumbe dawa iko kidole moja!"

Siku hizi batri inafika asubuhi na akiba, na akiba hiyo ameshaipangia kazi. Amenunua diski nyingine, ananakili humo picha zote kidogo kidogo, kisha ataituma kwa lori hadi kwa dada yake Butembo. Dancille alimuuliza kama muzee ataiweza safari hiyo. "Nilimujibu, atasafiri muzuri kutushinda sisi," anasema.

Wiki iliyopita risasi zilisikika upande wa milimani, na nyumba nyingi mtaani zina mzigo uliofungwa tayari nyuma ya mlango. Kasoki anataka kunakili kuishe kabla risasi hazijasogea.

"Siku tutakimbia, sitaki kubeba sanduku," anasema. "Niko na mikono mbili, na watoto wawili."